Mshukiwa na mwanafunzi wote 'hupimwa akili': neno moja, mizigo mingi

KILA mara kesi ya mauaji inapofikishwa kortini nchini, msomaji wa gazeti hukutana na sentensi ile ile: mahakama imeamuru mshukiwa akapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka. Geuza kurasa chache, ufike penye habari za elimu, nako utampata mtaalamu akishauri kwamba mtoto anayechelewa kusoma naye akapimwe akili. Kitenzi ni kile kile, nomino ni ile ile. Ila daktari wa mshukiwa anataka kujua iwapo mtu huyu anaelewa anachoshtakiwa na kama anaweza kuifuata kesi yake. Anayempima mtoto anataka kujua anavyokumbuka, anavyolinganisha maumbo na anavyofumbua mafumbo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, nasi tumeyavika kanzu moja.

Hoja ninayoisukuma leo ni kwamba wanaoandika saikolojia kwa Kiswahili, wawe wahadhiri, wanahabari au waandishi wa vitabu vya kiada, wamelitwika neno 'akili' kazi ya maneno matatu au manne. Mara ni uwezo wa kujifunza. Mara ni ile sehemu ya mtu inayofikiri, kuhofu na kutamani. Mara ni ubongo wenyewe, nyama iliyo ndani ya fuvu. Mara ni utimamu. Anayeumia kwa mkanganyo huu si mwanaisimu. Anayeumia ni mzazi anayeambiwa hospitalini, "mtoto wako ana tatizo la akili." Huyo anasikia nini? Anasikia wazimu. Kumbe daktari alikuwa akizungumzia huzuni ya muda mrefu, au shida ya kutambua herufi ambayo haina uhusiano wowote na wazimu wala na ujinga. Vivyo hivyo kwa mfanyakazi aliyepata matibabu ya msongo wa mawazo akarudi kazini. Wenzake wakishasikia 'ugonjwa wa akili', wanahitimisha kwamba hana akili, eti hawezi tena kuaminiwa na hesabu za ofisi. Lugha imewafungulia mlango wa kuhitimisha hivyo.

Tukumbuke kipimo chenyewe kilikotoka. Mwaka wa 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa huko Ufaransa msururu wa majaribio ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni. Binet hakudai kwamba amepima kitu kimoja kisichobadilika. Aliwapinga waziwazi walioshikilia kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Alifariki 1911. Mwaka uliofuata, William Stern wa Ujerumani alipendekeza umri wa kiakili ugawanywe kwa umri halisi wa mtoto, na mwaka wa 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akatoa toleo lililoipa umaarufu ile nambari moja. Sisi tuliipokea nambari ikiwa imeshaiva, tukaibandika neno lililokuwa na maana pana kuliko hiyo kwa karne nyingi.

Maana 'akili' si neno maskini. Limetoka katika Kiarabu, na huko mzizi wake unahusiana na kufunga au kuzuia. Kamba ya kumfunga ngamia asitoroke inatokana na mzizi huo huo. Kwa hiyo ndani ya neno kulikuwamo tangu mwanzo wazo la kujizuia. Kiswahili kimelihifadhi. Tunasema mtu 'amerukwa na akili', kana kwamba kuna kilichokuwa kimefungwa kikakatika. Tunamwambia kijana mtundu, "tia akili," na hakuna anayedhani tunamtaka aongeze kasi ya kukokotoa. Tunataka atulie. Halafu kuna ile methali ya akili ni nywele, kila mtu ana zake. Angalia upatanisho: zake, si yake. Msemaji wa kale aliziona akili kuwa nyingi kabla Howard Gardner hajachapisha, 1983, nadharia yake kwamba binadamu ana akili za aina kadhaa zinazojitegemea.

Si Kiswahili pekee. Mwaka wa 2001 kundi la watafiti lililowajumuisha Elena Grigorenko, Robert Sternberg na Mkenya Frederick Okatcha lilichapisha uchunguzi kuhusu jinsi Wajaluo wa kijiji kimoja cha Kenya wanavyoielewa dhana hii. Hawakupata neno moja, walipata manne. Rieko ni maarifa na ustadi. Luoro ni heshima. Winjo ni kuelewa namna ya kukabiliana na matatizo ya maisha. Paro ni ile hali ya mtu kuanzisha jambo bila kusukumwa. Watoto walipolinganishwa, rieko ilienda sambamba na alama za majaribio ya Kimagharibi, luoro haikuenda. Hapa ndipo penye uzito. Mtoto mwenye luoro tele na rieko ya wastani, kijijini ni mtoto mwenye sifa, darasani ni wa mkia. Tukimwandikia kwenye ripoti kwamba akili yake ni ndogo, tumetumia robo ya neno kumhukumu mtoto mzima.

Sternberg na wenzake walichapisha mwaka huo huo uchunguzi mwingine, safari hii kuhusu watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 katika kijiji cha mashambani hapa Kenya. Walitahiniwa kuhusu miti shamba: dawa ipi ni ya ugonjwa gani, na hunywewa kwa kiasi gani. Waliojua zaidi mambo hayo walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Watafiti walifasiri kwamba familia ziliwekeza katika ujuzi ambao zilitarajia mtoto angeuhitaji, wengine shule, wengine maisha ya kijijini. Mtoto anayemtibu mdogo wake malaria inapobisha, eti hana akili? Wacha wee.

Rudi kwenye winjo. Kitenzi chake katika Dholuo ndicho cha kusikia. Nasi pia mtoto 'msikivu' si mwenye masikio makali tu, na mtoto 'asiyesikia' hapelekwi kwa daktari wa masikio. Hili linanifikisha kwenye kosa la pili la waandishi wetu, nalo ni la kuita kila aina ya utambuzi wa hisi 'mtazamo'. Tasnifu za Kiswahili zimejaa mtazamo wa walimu kuhusu hiki na mtazamo wa wanafunzi kuhusu kile. Hapo neno limetulia, kwa sababu linataja msimamo. Lakini neno hilo hilo linapotumiwa kueleza jinsi jicho na ubongo vinavyoijua picha, mambo yanaharibika. Chukua mistari miwili ya Müller-Lyer, ambayo ina urefu sawa ila mmoja una vishale vinavyofungukia nje na mwingine vya kukunjia ndani. Upime kwa rula, ujiridhishe kabisa kwamba inalingana, kisha uitazame tena. Bado mmoja utauona mrefu. Mtazamo wako ni kwamba inalingana, macho yako yanakwambia haitoshani. Anayetumia neno moja kwa yote mawili hawezi hata kuieleza picha hiyo.

Na hapa pia lugha ya mtaani imewatangulia wasomi. Mkenya husema 'naskia njaa', 'naskia baridi', 'naskia harufu ya samaki'. Walimu wengi hukata kwa kalamu nyekundu na kuandika 'nahisi'. Sikubaliani nao. Mbali na tahajia ya mazungumzo iliyodondosha irabu, muundo huo ni wa Kiswahili halisi, sawa na 'naona njaa' na 'naona haya'. Kuona kunaanzia kwenye jicho, kunapita tumboni, kunaishia kwenye uamuzi: "Unaonaje, twende?" Katika karne ya 19, Mjerumani Hermann von Helmholtz alishikilia kwamba hisi hazipokei tu, bali ndani yake mna kukisia ambako mtu mwenyewe hakujui. Mwanafunzi anayejua kwamba 'kuona' ni pia 'kuonelea' ameshaifikia nusu ya njia. Mwalimu wake angeanzia hapo badala ya kumkaririsha milango mitano ya fahamu kama orodha ya soko.

Kuhusu kufikiri sitakaa sana, kwani hapo tuna utajiri na hatujauvuruga mno. Kuwaza, kudhani, kukisia, kutafakari, kupiga bongo: kila kimoja kina mahali pake, na mwandishi anayeandika 'kufikiria' kila mara ni mvivu tu.

Basi tufanyeje na 'akili'? 'Afya ya akili' imeshazoeleka, na sioni faida ya kupigana nayo. Ila mshukiwa achunguzwe utimamu, mtoto apimwe uwezo wa kujifunza, na ubongo uitwe ubongo. Kwa ile sehemu ya mtu inayofikiri na kuhisi, tunalo 'nafsi'. Kiarabu huita saikolojia elimu ya nafsi, na Kiswahili kina 'elimunafsi' ingawa wengi wameisahau. Watakaopinga watasema nafsi ni ya sarufi, ya kwanza, ya pili na ya tatu, tena ni ya mimbari na msikiti. Ni kweli. Lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuchanganya nafsi ya tatu umoja na nafsi inayohuzunika, ilhali wanaochanganya ugonjwa wa akili na ukosefu wa akili tunaishi nao mtaa mmoja.