Dodoso Halichoti Maji

Muulize binti wa darasa la sita, mbele ya mgeni mwenye kalamu, kama ameshalala na mwanamume. Atasema hapana, tena kwa adabu zote. Usukumani mambo ya ndani hayamwagwi mbele ya mpita njia.

Hilo lilipimwa. Mwaka 1998 vijana zaidi ya 9,000 wa vijijini mkoani Mwanza, enzi hizo Geita ikiwa bado wilaya yake, walijibu madodoso ya mradi wa MEMA kwa Vijana, wakapimwa mimba na magonjwa ya zinaa. Kati ya wasichana ambao vipimo viliwaumbua, asilimia 29 tu walikuwa wamekiri katika madodoso yote mawili, la kuulizwa ana kwa ana na la kujijazia. Wavulana, asilimia 58. Mtafiti Mary Plummer na wenzake walipochapisha matokeo hayo mwaka 2004 hawakuwaita watoto waongo. Walikishuku kifaa.

Miongoni mwa wenzake hao walikuwamo Joyce Wamoyi na Gerry Mshana wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza. Kando ya madodoso, kati ya 1999 na 2002 watafiti vijana wa Afrika Mashariki walihamia vijiji tisa, jumla ya wiki 158 ukihesabu za kila mmoja. Walilala kwenye kaya za watu, wakafanya kazi za kaya. Anayedhani ni likizo na ajaribu: kuitikia "mwangaluka" kwa kila mzee njiani, kujitwisha ndoo, kusikia umbea wa kisimani bila kutoa daftari, kisha kuubeba kichwani mpaka usiku, wenyeji wamelala.

Wamoyi akaifikisha mbali kazi hii. Makala yake ya 2010 inaonyesha kwamba mahusiano mengi nje ya ndoa yaliambatana na kupewa kitu, na kijiji hakikuona hilo peke yake kuwa uovu. Mwenye neno "ukahaba" mdomoni asingeambulia kitu pale. Huyu alisukumwa na ufukara, yule alitaka mafuta ya kujipaka, mwingine mtaji wa biashara. Na aliyepewa kidogo alichekwa na wenzake.

Mwaka uliofuata alichapisha nyingine, na juu yake akaweka usemi aliousikia huko huko: mwili wa mwanamke ni duka. Mwoga angeulainisha kwa maneno ya semina. Wamoyi aliuacha ulivyo, ukae kwenye kichwa cha makala.