Mshale Mdogo Juu ya Nota

Nilimtazama mwanafunzi wa uzamili wa muziki, chuoni Nairobi, akinukuu wimbo wa nyatiti kwa sikio. Penseli, kifutio, karatasi ya manota. Anasikiliza kipande kifupi, anaandika, anasikiliza tena, anafuta. Alasiri nzima ilimpa mstari mmoja. Kazi hiyo naistahi, na naona inatuponyoka.

Nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, haitaki pupa. Ina nyuzi nane, nne kwa kila mkono. Jathum, yaani mpiga nyatiti, huketi kwenye kigoda kifupi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ala yenyewe, na juu ya yote hayo anaimba, akisifu walio hai na kuwalilia waliokufa. Mtu mmoja anafanya kazi ya kundi zima. Anayemnukuu hana budi kumsikiliza kwa mafungu: leo pete tu, kesho mkono wa kushoto, halafu njuga, hadi atambue kwamba wimbo hauanzii pale alipodhani. Tena nyuzi hizo hazikutiwa sauti kwa kufuata piano. Mnukuzi mwaminifu huchora mshale mdogo juu ya nota, kuonyesha kwamba hapa sauti imeshuka kidogo kuliko mistari mitano inavyoweza kusema. Mimi nikifungua tasnifu, mishale hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza. Palipo na mshale, najua mtu alisikiliza.

Mtafiti wa muziki Washington Omondi aliandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu thum, yaani muziki wa nyatiti, Chuo Kikuu cha London, 1980, zama ambazo mtafiti hakuwa na msaidizi ila kinasa sauti na subira.

Siku hizi rekodi hutiwa kwenye programu, na chai haijapoa manota yameshatoka. Masafi, na usafi huo ndio unaonitia shaka. Njuga zimefutwa kama kelele. Pete imelazimishwa kwenda mapigo manne kama wimbo wa gwaride. Nyuzi zimesukumwa zikalingana na piano. Msimamizi aliyelemewa na wanafunzi anatia sahihi, tasnifu inapata jalada gumu. Mwombe mwandishi wake agonge mdundo wa pete mezani huku akiimba sauti za mkono wa kushoto. Hawezi, maana hajawahi kuutenga mdundo huo na sauti hizo. Na jothum, wapiga nyatiti wazee, wanazidi kuzikwa, na pamoja nao wale ambao wangeusikia ukurasa ule ukichezwa na kusema: hapana, sivyo.