Kikao cha Figo

Nilichelewa kukisoma kitabu hiki, na pengine ndiyo maana kilinichoma. Never Let Me Go, riwaya ya Kazuo Ishiguro, ilitoka mwaka 2005. Mimi niliisoma barazani kwetu Mbagala, mwaka mmoja baada ya mdogo wangu wa kike kumpa kaka yetu figo.

Watoto wanalelewa katika shule ya bweni ya Kiingereza iitwayo Hailsham. Wanacheza, wanachora, wanagombana. Polepole msomaji anatambua kwamba ni nakala za watu wengine, waliozalishwa ili wakikua watolewe viungo, kimoja baada ya kingine, mpaka wafe. Kufa kwao hakuitwi kufa, huitwa kukamilika.

Wasomaji wengi huuliza: mbona hawatoroki? Wakubwa wao wanaendesha magari peke yao nchi nzima. Mwalimu mmoja wa Kinondoni, rafiki yangu, husema hapo ndipo riwaya inapoanguka. Mimi nilibisha.

Nilibisha kwa sababu ya kikao chetu. Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, mwezi mmoja baada ya Ishiguro kutangazwa mshindi wa Nobeli, na kwetu hapa mtoaji ni ndugu aliye hai. Zamu yetu ilipofika, kaka alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tukakaa sebuleni, mimi nikaongoza. Mmoja ana mume na watoto, mwingine ana duka Tandika, mimi nina kazi. Macho yakamwelekea mdogo wetu, asiye na mume wala ajira. Hakuna aliyemlazimisha. Daktari alimwuliza faraghani kama anatoa kwa hiari, akajibu ndiyo. Jibu hilo tulikuwa tumemzoeza tangu utotoni, kila tulipomtuma dukani, kila tulipomwachia mgonjwa wa kuuguza.

Kwa hiyo nilipofika mahali Miss Emily, aliyekuwa mwalimu mkuu, anapojitetea kwamba waliwapa wale watoto utoto mwema kuliko wenzao, nilikifunga kitabu. Niliisikia sauti yangu ya kikaoni.

Hata hivyo, nina ugomvi na riwaya hii. Anayeisoma atadhani kloni ya tiba ni shamba la watoto. La hasha. Tangu kondoo Dolly azaliwe mwaka 1996, nia ya watafiti wa tiba imekuwa kuchukua kiini cha seli ya mgonjwa, kukitia katika yai lililoondolewa kiini chake, na kupata seli shina ambazo mwili wake hautazikataa. Wanasayansi wa Oregon walizipata seli za binadamu kwa njia hiyo mwaka 2013. Kabla yao, mwaka 2006, Shinya Yamanaka alirudisha seli za kawaida za panya katika hali ya uchanga bila yai lolote, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Figo kamili ya kumpandikiza mtu haijapatikana kwa njia hizo. Ikipatikana, hakuna mtu atakayekatwa kwa ajili ya mwingine.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi. Katika kurasa zote hatumjui mgonjwa hata mmoja aliyepona kwa viungo vile. Ishiguro amewaficha, nasi tunawachukia kwa urahisi. Kwetu aliyepokea anakula sinia moja na aliyetoa. Kaka akimwona dada yake ameinama kubeba ndoo, hukimbia kumpokea, kisha hukaa kimya mchana kutwa.

Jioni moja, tukichambua mchicha, nilimsimulia mdogo wangu riwaya hii. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao watoto walikuwa na ndugu?" akauliza.

Nikamwambia hawakuwa nao.

"Basi wangetoroka, dada. Wao walikuwa hawana wa kumwacha. Mimi ningetorokea wapi, na kwetu ni hapa? Mlinishukuru sana. Lakini kuniuliza, hamkuniuliza."

Mchicha ulikuwa bado mwingi. Tuliendelea kuuchambua mpaka giza likaingia, na sijarudi kwa yule mwalimu wa Kinondoni kumbishia tena.