Leseni ya mwaka mzima, kazi ya kiangazi

Mwaka 2017 nilikuwa PT kwenye kampuni ndogo ya uhandisi mjini Mbinga. Watu watano, kompyuta tatu, na kazi moja ya maana: mradi wa maji ya mserereko, kuyatoa kwenye chanzo huko milimani Umatengo na kuyashusha hadi kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa. Wiki ya pili bosi akaniuliza kwa upole, "Kijana, wewe si una AutoCAD ya chuo?" Nilikuwa nayo. Nikachora.

Tulipoprinti, pembeni mwa karatasi kukatokea maandishi kwamba mchoro umetengenezwa kwa programu ya masomo. Walioanza chuo juzi hawaujui mhuri huu, maana matoleo mapya hayana. Enzi hizo ulikuwa unaambukiza kabisa: ukinakili hata alama ya valvu kutoka faili la mwanafunzi kwenda faili la leseni halali, faili zima linaugua. Mteja akaukataa mchoro, na alikuwa na haki. Leseni ya mwanafunzi si ya kazi ya malipo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta.

Bosi wangu hakuwa mwizi kwa tabia. Alikuwa amekwama, na ushauri unaotolewa sana kuhusu gharama za leseni haukumsaidia kitu. Unasema: hesabu leseni zako, futa zisizotumika, zilizobaki watu wazitumie kwa zamu. Sawa, kama una wahandisi 200 Dar au Nairobi. Mwenye kompyuta tatu anafuta ipi? Hata hiyo zamu Autodesk ilianza kuiondoa 2020, leseni ikawa ya mtu mmoja kwa jina lake. Na kununua mara moja ukae nayo miaka kumi kuliisha 2016. Sasa ni kukodi tu, kwa bei inayofuata dola wakati mkataba wako ni wa shilingi.

Lakini tatizo kubwa kwa Mbinga naliona kwenye kalenda. Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi. Upimaji kwenye miteremko ile unafanyika kiangazi, kisha unakuja uchoraji, kisha mnasubiri malipo. Chukulia mwaka una siku 250 za kazi na mchoraji wenu anafungua programu siku 60 tu. Kila siku aliyoitumia imewagharimu zaidi ya mara nne ya anayeitumia kila siku, kwa programu ile ile na bei ile ile. Kampuni ndogo ndiyo inayolipa ghali, yaani kinyume na tunavyodhani.

Sasa angalia pesa hiyo inanunua nini. Kwenye mradi ule, swali lililoweza kuharibu kila kitu lilikuwa presha. Kila meta 10 maji yanaposhuka, presha ndani ya bomba lililofungwa huongezeka kama kizio kimoja, kile kile kinachosomwa kwenye chapa ya bomba. Bomba la PN16 linavumilia 16. Mteremko wa meta 300 unakupa 30. Bila matangi ya kupunguza presha njiani, bomba linapasuka siku ya kwanza kijiji kikifunga mabomba usiku. Hesabu hiyo tuliifanya kwa EPANET, programu ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, ipo tangu 1993 na ni bure. Madaraja na makalavati? HEC-RAS ya wahandisi wa jeshi la Marekani, bure vilevile. Kumbe kufikiri ni bure, tunacholipia ni kuchora mistari!

Hapo wenzangu wapenzi wa programu huria hushangilia: "Si mtumie QGIS!" Jamani. QGIS naipenda, Ramani Huria ilifanya nayo mambo makubwa Dar kwenye ramani za mafuriko, ila haikupangii kona za barabara ya kushuka Mbamba Bay. Na hata ungechora kwa LibreCAD, mteja anaandika kwenye masharti: faili liwe DWG. Herufi hizo tatu ndizo leseni yenyewe. Mteja wa umma angekubali PDF pamoja na DXF, ambayo muundo wake umechapishwa wazi, kampuni ya watu watano ingechagua chombo chake.

Siku hizi kuna Flex ya Autodesk, unalipia kwa siku. Gawanya bei ya mwaka kwa bei ya siku moja. Kama siku zako ni pungufu ya jibu, chukua ya siku. Ila angalia, vocha zake huisha muda baada ya mwaka, msinunue nyingi kwa furaha ya mkataba ambao haujasainiwa.

Mchoro wetu tuliurudia kwa LibreCAD, usiku nne. Kisha bosi akapanda basi na flashi mfukoni hadi Songea, kwa rafiki yake mwenye leseni, kugeuza DXF iwe DWG. Kazi ya dakika tano. Kwenye hesabu za ofisi nauli ile iliandikwa "usafiri wa saiti".