Kazi Iliyojificha Nyuma: Kuchagua Kilti ya Kwanza

Kilti ni vazi la wanaume wa Uskoti lishonwalo kwa tartani, yaani kitambaa cha sufu chenye mistari ya rangi inayokatizana, nalo huzunguka mwili kuanzia kiunoni hadi gotini, mbele likiwa na vipande viwili bapa vinavyopandiana na nyuma likiwa na marinda mengi yaliyolazwa kwa mpangilio. Mgeni alitazamapo huvutiwa na rangi, akadhani thamani yote imo humo. Fundi hulitazama kwa nyuma, kisha huligeuza ndani nje, kwa kuwa huko ndiko ilikolala kazi. Mnunuzi wa kilti ya kwanza, hasa yule ambaye mfuko wake haumruhusu kukosea mara mbili, anahitaji jicho hilo la fundi kuliko mwingine yeyote, na kwa bahati njema historia ya vazi lenyewe inampa njia ya kupunguza gharama bila kupunguza ubora.

Asili yake ni shuka kubwa ya sufu ambayo wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti, tangu mwishoni mwa karne ya 16, waliikunja marinda kwa mikono kila walipovaa, wakaifunga kwa mkanda kiunoni na kuitupa sehemu ya juu begani. Mwanzoni mwa karne ya 18 nusu ya chini ya shuka hiyo ilianza kuvaliwa peke yake. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, vilivyozima uasi uliotoka Nyanda za Juu, serikali ya Uingereza ilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume wa Nyanda hizo mavazi yao ya jadi, isipokuwa askari waliotumikia vikosi vya mfalme, na marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1782. Ushonaji wa kudumu wa marinda, ambao ndio unaoifanya kilti kuwa kazi ya fundi badala ya kuwa kazi ya mvaaji, uliimarika katika vikosi hivyo katika miaka ya 1790, na kilti za wakati huo zilitumia takriban yadi 4 tu za kitambaa. Yadi 8, ambazo leo hutajwa kama sharti lisilovunjwa, ni desturi iliyokuja baadaye. Mnunuzi anayeambiwa kwamba chini ya yadi 8 hakuna kilti ya kweli anaambiwa jambo ambalo askari wa karne ya 18 wasingelielewa.

Ugumu wa ufundi wenyewe huonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Tuseme mtu ana kiuno cha inchi 34 na nyonga za inchi 40, na marinda 25 yatafunika nusu ya nyuma: penye nyonga kila rinda litakuwa na upana wa karibu milimita 20, na penye kiuno karibu milimita 17. Fundi basi hana budi kulipunguza kila rinda kwa milimita 3, kidogo kidogo, katika mshono unaoshuka kutoka kiunoni hadi nyonga, na huku akipunguza lazima ahakikishe kwamba mistari ya tartani inaendelea kunyooka kutoka rinda moja hadi jingine, kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kamwe. Akikosea nusu milimita katika kila rinda, mwisho wa safu kiuno kitakuwa kimepotea kwa zaidi ya sentimita moja. Haya yote hufanywa kwa sindano na mkono, kwa mishono midogo inayojificha kwenye kingo za marinda, na kabla kilti haijapigwa pasi marinda hupigwa bandi, yaani hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda, ili yalale pale yalipoamriwa. Kisha ndani, pale juu ambapo tabaka za kitambaa zimerundikana, fundi hukata ziada, huimarisha sehemu hiyo kwa kitambaa kigumu kinachobeba uzito wa marinda, na kufunika kwa bitana ya pamba. Ni kazi ya saa nyingi ambayo mtazamaji wa nje hataiona kamwe, na kwa sababu hiyo hasa inastahili heshima: mshoni anajua kwamba hatasifiwa kwayo, naye huifanya.

Marinda yenyewe hupangwa kwa mitindo miwili mikuu. Wa kwanza huyalaza yote kuelekea upande mmoja, na ama huurudisha mchoro mzima wa tartani mgongoni ulivyo mbele, ama hutokeza mstari mmoja uleule katika kila rinda, kama walivyopendelea wanajeshi. Wa pili ni wa marinda ya kisanduku, ambapo kitambaa hukunjwa pande zote mbili na kuacha uso bapa katikati. Huu ndio mtindo wa kilti za kale za yadi 4. Kwa mnunuzi mwenye fedha kidogo mtindo wa kisanduku ni hazina, kwa maana unapunguza kitambaa karibu nusu na bado unampa vazi lililoshonwa kwa mkono na lenye nasaba safi. Hata akipenda mtindo wa upande mmoja, anaweza kuchagua tartani yenye mchoro mdogo: rinda likichukua mchoro mmoja kamili wa inchi 6, marinda 25 yatakula inchi 150, ilhali mchoro wa inchi 9 utadai inchi 225.

Pasipofaa kubana matumizi ni kwenye kitambaa. Sufu inayofaa husokotwa kwa nyuzi ndefu zilizochanwa hadi zikawa laini na imara, na hufumwa kwa mtindo wa mshazari, ambapo uzi wa mshindio hupita juu ya nyuzi mbili za mtande na chini ya mbili. Uzito wake hupimwa kwa wakia katika kila yadi: wakia 10 au 11 ni kitambaa chepesi ambacho marinda yake hupeperuka na kupoteza makali upesi, 13 ni wastani unaotosha mahitaji mengi, na 16, karibu gramu 450, huanguka kwa uzito wake na kurudi mahali pake baada ya kila hatua. Kilti za akriliki, ambazo huuzwa kwa makumi ya pauni wakati za sufu zilizoshonwa kwa mkono hugharimu mamia, haziwezi kushika makunjo namna hiyo. Si haki, hata hivyo, kulaumu mahali zinakotoka. Mji wa Sialkot nchini Pakistani, unaozalisha nyingi kati ya hizo, una mafundi hodari ambao kwa miongo mingi wametengeneza zumari za mifuko zinazopigwa duniani kote, na udhaifu uko katika malighafi na muda wanaolipiwa. Dalili moja humsaidia mnunuzi haraka: ukingo wa chini wa kilti nzuri haukunjwi wala kutiwa upindo, kwa sababu kitambaa chake kilifumwa tangu mwanzo kikiwa na ukingo imara usiofumuka.

Kuhusu tartani ipi ivaliwe, wanunuzi wengi hujitesa bure. Uhusiano thabiti kati ya kila ukoo na mchoro wake ulistawi hasa baada ya ziara ya Mfalme George IV mjini Edinburgh mwaka 1822, iliyoandaliwa na mwandishi Walter Scott, na hakuna sheria inayomkataza mtu asiye wa ukoo kuvaa tartani ya kawaida. Wala wasio Waskoti hawakuanza leo kuvutiwa: sifa za wanajeshi wa Kiskoti zilivuka mipaka zamani. Katika Mombasa ya miaka ya 1920 mojawapo ya makundi ya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, lilijiita Scotchi, likishindana na kundi la Kingi. Kwa mnunuzi asiye na ukoo wa kufuata, mchoro mweusi, kijani na buluu wa kikosi cha Kiskoti cha Black Watch hufumwa kwa wingi, hupatikana bila kuagizwa maalumu, na kwa hiyo hupunguza bei.

Njia ya mwisho, na pengine bora kuliko zote kwa mwanzo, ni mtumba. Kilti ya sufu iliyotunzwa huishi miongo mingi, na zile zilizostaafishwa na maduka ya kukodisha au vikosi vya kijeshi huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali. Mnunuzi aende na vipimo vyake sahihi: kiuno kipimwe karibu na kitovu, si pale suruali inapokaa, nyonga zipimwe penye upana mkubwa, na urefu uishie katikati ya kifuniko cha goti. Aikunjue nyuma akatazame mistari inavyokutana penye mshono, aishike juu ya mwanga kutafuta matundu ya nondo, apapase bitana, kisha aangalie mikanda ya ngozi na bizimu zake. Kiuno kikipungua au kikizidi kwa inchi moja au mbili asiiache, kwani bizimu huhamishwa na fundi yeyote mwenye sindano imara. Nyonga zikikataa, airudishe rafuni, maana kuzirekebisha ni kuyafumua marinda yote na kuanza upya.