Unga Mweupe wa Taa za Mrija

Mella, wilayani Tororo nchini Uganda, iko kati ya watu wanaotafuta kitu kidogo ndani ya udongo mwingi. Upande wa Busia, wachimbaji wa Tiira husaga mwamba, huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki. Karibu na mji wa Tororo iko milima ya Sukulu, ambayo udongo wake una fosfeti, niobi na madini adimu. Madukani, shuleni na ofisini kote mpakani na Kenya, hadi Malaba, zimening'inia taa za mrija zenye zebaki, na zilizo nzuri zina madini adimu pia. Zikiungua hutupwa.

Wapo mafundi, mbali na hapa, waliozitazama taa hizo kwa jicho la mchimbaji. Kazi yao yafaa isimuliwe bila haraka, maana yenyewe haivumilii haraka.

Umeme ukipita ndani ya mrija, mvuke wa zebaki hutoa mwanga wa urujuanimno, ambao macho hayauoni. Unga uliopakwa ndani ya kioo huupokea na kuugeuza mwanga unaoonekana. Taa nzuri ina unga wa rangi tatu. Mwekundu ni oksidi ya yitri yenye europi kidogo. Wa kijani ni fosfeti ya lantani iliyotiwa seri na terbi. Wa buluu una bariamu, magnesiamu na alumini, nao pia umetiwa europi. Yitri, europi, lantani, seri na terbi ndiyo madini adimu yenyewe. Taa za zamani za bei rahisi zina unga wa kalsiamu, na huo hauna madini adimu hata chembe. Mzigo wa taa mbovu hufika kiwandani ukiwa na aina zote hizo pamoja.

Zebaki hutangulia kutoka. Taa hupondwa ndani ya mtambo uliofungwa, unga ukachomwa hadi zebaki ipande kama mvuke, ipoe, irudi kuwa kioevu. Mchimbaji wa dhahabu anayetumia ritoti, chombo kilichofungwa cha kunasia mvuke huo, anafanya kazi hiyohiyo. Asiyeitumia huivuta zebaki kwa mapafu yake.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoihusudu. Mwenye pupa angemwaga asidi kali, kila kitu kikayeyuka kwa mkupuo. Kampuni ya Ujerumani, OSRAM, ilisajili hataza ya utaratibu wa kistaarabu zaidi. Asidi hidrokloriki hafifu, chini ya nyuzi 30 za Selsiasi, huondoa unga wa kalsiamu. Baadaye asidi hupashwa moto kati ya nyuzi 60 na 90, ndipo unga mwekundu unapokubali kuyeyuka. Wa kijani na wa buluu hubaki chini, kama hawakuambiwa kitu.

Mpangilio huo una sababu. Madini adimu hutolewa katika asidi kwa kutiwa asidi oksaliki, yakatuama chini, kisha yakachomwa tanurini kuwa oksidi. Lakini asidi oksaliki huituamisha hata kalsiamu. Isipotangulia kuondolewa, fundi atafungua tanuri lake na kukuta chokaa.

Unga wa kijani ni mkaidi kwa sababu ni jamaa wa monaziti, jiwe la fosfeti ambalo kwa miaka mingi limechimbwa kwa ajili ya seri na lantani. Binadamu aliunda mfano wa jiwe, na ugumu wa jiwe ukamrudia. Dawa yake ni kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, pamoja na moto mkali, hadi fosfeti iiachie terbi.

Bado yitri, europi na terbi hazijaachana, na tabia zake zinakaribiana mno. Maji yenye madini hukorogwa pamoja na mafuta, mara nyingi mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali ya kunasa, kisha huachwa yajitenge. Elementi moja huyapenda mafuta kuliko mwenzake, ila kwa kiasi kidogo tu. Basi hukorogwa tena katika chombo cha pili, cha tatu, safu nzima ya vyombo, hadi kile kidogo kijumlike. Mwaka 2015 David Dupont na Koen Binnemans wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha njia ya mkato: chumvi iliyo kioevu inayoyeyusha unga mwekundu na kuuacha ule wa kalsiamu, kisha ikatumika upya.

Kampuni ya Solvay ilianza kazi hii Ufaransa, kule La Rochelle na Saint-Fons, bei zilipopaa baada ya China kubana mauzo yake ya nje. Bei zikaporomoka, taa za LED zikaenea, na mwaka 2016 ikaifunga kazi hiyo. Ufundi haukuwa na kasoro. Hesabu ya biashara ndiyo iliyokataa. Mimi naiona hasara hiyo kubwa kuliko inavyoonekana vitabuni, kwa kuwa mgodi mpya nao una gharama ambazo haziandikwi.

Novemba 2023, mjini Geneva, nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha utengenezaji na uuzaji wa taa za mrija nje ya nchi kufikia 2027. Zilizopo darini mwetu ni za mwisho. Uganda peke yake iligawa takriban balbu 800,000 za kuokoa umeme mwaka 2007, nazo zilikuwa na unga huohuo. Kwa hiyo, msomaji, mrija ukiungua usiuvunje wala usiutupe motoni. Urudishe kwenye katoni yake, uuweke mahali watoto hawafiki, na umuulize diwani wako lini wilaya itaanza kukusanya mirija mibovu.