Injili katika Bahari ya Utenzi

Njia ya misafara iliyoshusha watumwa pwani ndiyo iliyokipandisha Kiswahili hadi Tabora. Huko Julius Nyerere alisoma, kisha akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria. Na mwaka 1996 zikachapishwa tenzi zake za Biblia. Msomaji wa pwani aweza kuuliza: Injili yaingiaje katika bahari iliyoimba, tangu Utendi wa Tambuka wa 1728, vita vya Waislamu na Rumi? Twajibu: chombo hakiulizwi dini ya abiria, huulizwa kama kinavuja. Mizani nane, mistari mitatu ya kina kimoja, wa nne wa kina kifululizacho hadi tamati: hiyo ndiyo sheria. Tumhukumu kwa sikio. Bara lililipia lugha hii kwa watu wake. Haki yake katika utenzi si ya kuazima.